Noti Ni Maandishi, na Wasomaji Wake Wana Haki

Agosti 2025 nilikuwa Nyamisati, wilayani Kibiti, nikisubiri boti. Nilikuwa katika ziara ya kuwakagua wanafunzi wetu walio katika mazoezi ya kufundisha, na wawili kati yao walikuwa wamepangiwa shule zilizomo ndani ya delta ya Rufiji, ambako gari halifiki na safari hupangwa na maji kujaa na kupwa. Siku hiyo maji yalikuwa yamekupwa. Nikakaa kwenye gogo, nikafungua kitabu. Kilichokuwa kikinishikia ukurasa ni noti kuukuu ya Ufaransa ya faranga 10, yenye sura ya mwandishi Voltaire.

Bibi mmoja aliyekuwa ameketi jirani yangu, ambaye nilikuwa nimekwisha kumwamkia, aliiona.

"Hiyo hela ya wapi, mwanangu?"

Nikamwambia ni ya Ufaransa, na kwamba imekwisha kazi siku nyingi. Huko sasa wanatumia fedha nyingine. Mimi huzikusanya tu, kwa sababu ya sura za waandishi waliochorwa humo.

Akacheka. "Basi hata mimi ninazo zilizokwisha kazi."

Kutoka katika kikapu chake akatoa kopo la maziwa ya unga lililofungwa kwa mfuko wa nailoni. Ndani yake mlikuwa na noti za shilingi elfu kumi zenye tembo, za elfu tano zenye kifaru, na fungu la noti za mia tano. Alikuwa akizipeleka Dar es Salaam kwa mjukuu wake aliyeahidi kuulizia. Tulizihesabu pamoja: shilingi 286,000. Ilikuwa fedha ya mikeka na kamba wakavu, iliyowekwa kidogo kidogo kwa miaka mingi, kwa ajili ya kuezeka bati. Kopo lile lilipona hata katika mafuriko ya Aprili 2024, pale Rufiji na Kibiti zilipogeuka ziwa na watu wakahama kwa mitumbwi. Kilicholishinda ni kalenda.

Wasomaji wangu mlio katika utumishi wa umma mnalikumbuka tangazo lenyewe. Benki Kuu ya Tanzania ilitangaza kuondoa katika mzunguko noti za matoleo ya mwaka 1985 hadi 2003, pamoja na noti ya shilingi 500 ya toleo la 2010. Muda wa kuzibadilisha ulianza tarehe 6 Januari na kuishia tarehe 5 Aprili 2025, katika ofisi za Benki Kuu na katika benki za biashara. Baada ya hapo zikakoma kuwa fedha halali. Sheria inaipa Benki Kuu mamlaka hayo, na sababu za kuondoa noti chakavu na za zamani zinaeleweka. Sisemi kwamba jambo lilifanywa kwa siri. Bibi mwenyewe alikiri kulisikia redioni.

Alichonieleza ndicho kilichonifanya niandike makala haya. Alisema: "Walisema za zamani. Hii ina tembo, na ile ya dukani ina tembo. Wewe umesoma, niambie, ya zamani ni ipi?"

Nikaichukua noti moja, nikatoa yangu mfukoni, nikaziweka bega kwa bega juu ya kitabu. Nakiri kwamba nilichukua muda. Toleo la 2003 na toleo lililofuata yote mawili yana tembo kwenye elfu kumi, kifaru kwenye elfu tano na simba kwenye elfu mbili. Tofauti zipo, lakini zimo katika mpangilio wa picha na alama za usalama, si katika kile ambacho jicho la kawaida hukitafuta. Na jambo moja nililolijua siku nyingi kama mkusanyaji sikuwahi kulitafakari kama raia: noti hizi hazikuchapwa mwaka. Geuza ile ya tembo mbele na nyuma, hutaona popote palipoandikwa 2003. Tangazo lilitaja miaka, noti haikuitaja. Tulimwambia bibi asome kitu ambacho hakikuandikwa.

*

Niliingia katika ukusanyaji huu kwa bahati. Miaka mingi iliyopita nilinunua kitabu cha mitumba kando ya barabara jijini Dar es Salaam, nikamkuta Voltaire amelala kati ya kurasa. Tangu hapo nimepata wenzake, mmoja mmoja, kwa rafiki aliyesafiri au kwa mkusanyaji aliyetaka kubadilishana. Sina hazina kubwa, na noti nyingi kati ya hizi si ghali. Lakini ukizipanga mezani unaona kitu adimu: serikali imeweka maktaba yake katika mifuko ya watu.

Victor Hugo alitokea katika noti ya faranga 500 ya mwaka 1954. Molière, mtunzi wa tamthilia za kuchekesha aliyewadhihaki mabahili, alipewa noti ya faranga mpya 500 mwaka 1959. Kisha wakaja Racine katika faranga 50, Corneille katika 100, Voltaire katika 10, Pascal katika 500 na, mwaka 1981, Montesquieu katika 200. Mnamo miaka ya 1990 akaingia Saint-Exupéry, rubani aliyeandika kisa cha mwanamfalme mdogo, na mwanamfalme mwenyewe akachorwa pembeni. Katika matoleo ya mwanzo ya noti hiyo jina la mwandishi lilichapwa na alama ya sauti isiyostahili juu ya herufi moja. Wasomaji wakaliona kosa, likasahihishwa. Mimi hukipenda kisa hicho kuliko uzuri wa noti yenyewe. Kinaonyesha kwamba kulikuwa na watu walioisoma noti, na kulikuwa na wachapaji waliojali kwamba inasomwa.

Na noti hizo zina tarehe. Si mwaka tu: katika nyingi kati yake ni siku, mwezi na mwaka, zimechapwa kwa tarakimu ndogo katika uso wa karatasi. Mtoto wa darasa la tatu angeweza kukuambia ipi ni ya zamani.

Kisha ukaja mwisho wa faranga. Noti za mwisho zilikoma kuwa fedha halali tarehe 17 Februari 2002, Euro ilipozipokea. Lakini aliyekuwa nazo kabatini, katika godoro au katika koti la marehemu babu yake, aliendelea kuzipeleka Benki Kuu ya Ufaransa na kupewa thamani yake hadi tarehe 17 Februari 2012. Miaka kumi. Wajerumani walikwenda mbali zaidi: marki zao za zamani hubadilishwa na benki kuu yao bila kikomo cha muda hadi leo. Benki Kuu ya Uingereza nayo hulipa noti yoyote iliyowahi kuitoa, hata kama imeacha kutumika madukani. Hapa jirani, Kenya ilipobadilisha noti zake mwaka 2019, ni noti ya shilingi 1,000 pekee iliyowekewa ukomo mkali wa miezi minne, kwa hoja ya kupambana na fedha haramu. Za thamani ndogo, ambazo ndizo za mnyonge, zikaachwa ziendelee.

Sisi tulitoa siku 90, kwa noti zote, za tajiri na za muuza mikeka.

Siiandiki tofauti hii ili kuwasifu wazungu. Ufaransa hiyohiyo iliyomweka Voltaire mfukoni mwa raia wake imeendelea kuchapa katika ardhi yake noti za faranga ya CFA za mataifa ya Afrika yaliyojitawala tangu 1960. Na katika orodha ile ya waandishi niliyoitaja hakuna mwanamke hata mmoja. Nimeileta tofauti hii kwa sababu inatukumbusha kwamba siku 90 hazikuwa amri ya maumbile. Zilikuwa uamuzi, na uamuzi unaweza kujadiliwa.

*

Wasomaji wengi walilijua jina la Kibiti mwaka 2017, kupitia habari za mauaji. Ni haki wajue pia kwamba eneo hili limewahi kuona karatasi za serikali zikitoa ahadi zisizodumu.

Mwezi Julai 1915, meli ya kivita ya Kijerumani Königsberg iliangamizwa ndani ya delta hii, baada ya kujificha katika mikono ya Rufiji tangu mwaka uliotangulia. Njia za bahari zikiwa zimefungwa na Waingereza, utawala wa Kijerumani uliishiwa sarafu na noti kutoka Ulaya. Ukaanza kuchapa noti za dharura humuhumu nchini, kati ya 1915 na 1917. Za mwisho, zilizoandikwa tarehe 1 Oktoba 1917, zilipigwa kwa herufi za mpira porini, jeshi likiwa mbioni kuelekea kusini. Noti hizo zililipia chakula, mizigo na migongo ya wapagazi. Vita vilipokwisha, serikali iliyozitoa ilikuwa imekwisha kufukuzwa. Leo utazipata kwa urahisi katika madaftari ya wakusanyaji wa Ulaya, na bei yake huongezeka kadiri karatasi ilivyo safi. Kila ninapoiona moja huwaza: karatasi safi ni ile ambayo haikupita mikono mingi. Zile zilizochakaa ndizo zilizokuwa mshahara wa mtu.

Miaka kumi kabla ya hapo, katika bonde hilihili, watu walikufa kwa ajili ya neno. Kinjikitile Ngwale wa Ngarambe alitoa dawa ya maji, na Wajerumani wakamnyonga Mohoro tarehe 4 Agosti 1905. Mwaka 1969 Ebrahim Hussein aliichukua historia hiyo akaandika tamthilia ya Kinjeketile, ambayo vizazi vya wanafunzi wetu wameisoma. Anayeisoma kwa makini anajua kwamba swali lake kubwa si bunduki. Ni hili: neno likishatamkwa na watu wakaliamini, nani anawajibika nalo? Aliyelitamka anaweza kulifuta atakavyo, au limekwisha kuwa mali ya waliolishika?

Noti ni neno la namna hiyo. Karatasi yenyewe haina thamani. Tunaipokea kwa sababu imeandikwa kwamba ni fedha halali, na aliyeandika ni dola. Bibi wa Nyamisati aliweka mkeka wake sokoni, akapewa neno la serikali, akaliamini kiasi cha kulifungia kopo. Hakukosea katika kuliamini. Kama kuna sifa moja ambayo dola changa inaitafuta kwa raia wake, ni hiyo.

*

Sasa tuzitazame noti tulizobaki nazo. Tangu Benki Kuu ianze kazi Juni 1966, noti za kwanza zilibeba sura ya Mwalimu Nyerere. Baadaye ikaja ya Mzee Mwinyi. Kisha wanyama wakachukua nafasi kubwa. Leo tuna noti nne. Mbele yake utawaona Mwalimu, simba, kifaru na tembo. Nyuma yake, ukizipanga kwa thamani, utaona Ikulu, ngome kongwe ya Zanzibar, mgodi wa dhahabu wa Geita na majengo ya Benki Kuu. Utawala, ulinzi, madini na fedha. Hivyo ndivyo tunavyojitambulisha kwa mgeni anayeshuka uwanja wa ndege, na hivyo ndivyo tunavyojitambulisha kwa mtoto wetu anayetumwa dukani.

Kulikuwa na noti moja iliyosema jambo jingine. Nyuma ya shilingi 500 palichorwa Ukumbi wa Nkrumah wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Ilikuwa noti ya thamani ndogo kuliko zote, noti ya vitumbua na nauli ya daladala, na kwa miaka mingi kila mchuuzi nchini alikishika chuo kikuu mkononi mara kadhaa kwa siku, hata kama hajawahi kukikanyaga. Mwaka 2014 ikaja sarafu ya 500 yenye Karume na nyati, na Aprili 2025 noti yenyewe ikakoma. Sarafu ilikuwa na sababu nzuri. Noti ile ilikuwa ikichakaa upesi mno. Lakini ukumbi wa elimu haukupewa mahali pengine pa kukaa. Bibi alikuwa na noti hizo 42. Nilizitazama nikahisi aibu ambayo sikuitarajia, kwa kuwa mimi ndiye niliyekula mshahara ndani ya kumbi za namna hiyo.

Kwa miaka mingi tumejinadi kwamba utaifa wetu umejengwa juu ya lugha. Tunaiadhimisha kila tarehe 7 Julai. Mbona basi fedha yetu haimjui hata mmoja kati ya walioijenga lugha hiyo? Shaaban Robert, mzaliwa wa Vibambani, Tanga, mwaka 1909, alikuwa mtumishi wa serikali kama wengi wenu mnaosoma hapa; alifanya kazi katika idara ya forodha, na katika saa alizobakiwa nazo aliandika Kusadikika, hadithi ya nchi ambayo wenye mamlaka hawataki kuambiwa. Tumempa barabara na shule, ndiyo. Hatujampa mfuko wa raia. Jirani zetu wa Komoro, visiwa vidogo kuliko mkoa wetu mmoja, waliweka katika noti yao ya faranga 10,000 sura ya mwanachuoni Sayyid Omar bin Sumeit, mtu aliyekuwa kadhi Zanzibar na aliyewafundisha wengi wa pwani yetu. Mwanachuoni aliyeketi miaka mingi kwetu anaonekana katika fedha ya wengine.

Na kwa kweli hata mwandishi mmoja tuliye naye hatumwoni. Mwalimu Nyerere wa shilingi 1,000 ni mtu aliyekaa usiku akimfasiri Shakespeare kwa Kiswahili. Mabepari wa Venisi, tafsiri yake ya mwaka 1969, ni tamthilia ya hati ya deni: mkopeshaji anataka maneno yasomwe kama yalivyoandikwa, ratili ya nyama kwa ratili ya nyama, na kesi nzima inageuka juu ya namna ya kuisoma karatasi. Mtu aliyewapa Watanzania tamthilia hiyo yuko juu ya noti zetu kama Rais tu. Ingetosha, katika toleo lijalo, kumchorea kitabu mkononi.

*

Nimekwisha kuzijaribu hoja hizi mbele ya wenzangu na wanafunzi, na pingamizi ninazijua.

Wa kwanza husema kwamba sura za watu katika fedha ni mwanzo wa kuabudu watu. Wakenya walichoka kuwaona marais wao katika kila sarafu, na Katiba yao ya 2010 ikapiga marufuku sura ya mtu yeyote. Hoja hii naiheshimu. Lakini dawa ya sura ya mtawala si lazima iwe ukuta mtupu. Mwandishi hana jeshi wala kura za kuomba; ukimweka katika noti hakuna anayemwogopa. Na kama sura inatia shaka, zipo njia nyingine: jina, kitabu, mstari wa mafumbo, mkono unaoandika.

Wa pili husema tutagombana: kwa nini Shaaban Robert na si Siti binti Saad, ambaye yeye mwenyewe alimwandikia wasifu? Kwa nini asiwe Mwana Kupona, au Bibi Titi Mohamed, aliyekuwa mwimbaji kabla ya kuwa mwanasiasa na aliyewahi kuwa mbunge wa Rufiji? Mimi nasema, tugombane. Katika noti nne tulizo nazo hakuna sura ya mwanamke, na hatujawahi kugombana vya kutosha juu ya hilo. Taifa linalobishana ni mshairi gani awekwe katika noti ni taifa linalowasoma washairi wake.

Wa tatu ndiye mwenye hoja nzito kuliko wote, na sitaki kumkwepa. Anasema: mwalimu, sura ya Shaaban Robert isingemrudishia bibi yule shilingi hata moja. Ni kweli. Noti ya mshairi isiyo na tarehe, inayofutwa kwa siku 90, ni dhuluma iliyopambwa. Kwa hiyo naziweka hoja zangu kwa mpangilio wa haki kwanza na pambo baadaye.

Kwanza, Benki Kuu ifungue tena dirisha la kubadilisha noti zilizoondolewa, walau kwa kiasi kidogo kwa kila mtu, na liwe dirisha lisilofungwa. Anayeleta 286,000 kwa noti za mia tano na elfu tano si mficha fedha haramu. Kiasi kiwekewe kikomo, kitambulisho kiombwe, na mwenye shehena aulizwe maswali. Lakini muuza kamba alipwe.

Pili, katika siku za usoni huduma iwafuate watu. Kutoka ndani ya delta hadi benki iliyoko Kibiti mjini ni safari ya boti, kisha ya gari, kisha ya kulala kwa jamaa. Serikali inayoweza kufikisha masanduku ya kura katika vijiji hivyo siku moja inaweza kufikisha sanduku la noti katika miezi mitatu.

Tatu, noti zichapwe mwaka, kwa tarakimu kubwa, mahali panapoonekana. Hili halihitaji mjadala wala fedha ya ziada.

Nne, toleo lijalo litafute nafasi kwa watu wa maneno, na Ukumbi wa Nkrumah urudishwe. Tayari serikali imeanzisha Tuzo ya Taifa ya Mwalimu Nyerere ya Uandishi Bunifu, jambo la kupongezwa. Tumekubali kuwapa waandishi fedha. Hatua inayobaki ni kuipa fedha waandishi.

Hoja zote nne zina shina moja. Anayeiona noti kama maandishi humfikiria atakayeyasoma: ataandika mwaka, atampa muda wa kusoma, na atachagua kwa uangalifu cha kumpa asome. Anayeiona kama bidhaa ya kiwandani atafikiria tu lini inaingia na lini inatoka.

*

Maji yalianza kujaa, na nahodha akatuita. Kabla ya kuondoka nilimwomba bibi aniuzie noti moja ya tembo kwa ajili ya mkusanyiko wangu, nikampa elfu kumi iliyo hai. Haikuwa bei ya mkusanyaji. Noti hiyo ni ya kawaida mno, na hakuna sokoni ambaye angeilipia hivyo. Aliichukua fedha, akaikunja katika pindo la kanga, akanitazama.

"Na hizi nyingine?"

Zilikuwa 275 elfu na ushei. Ningeweza, nadhani, kwa kujibana. Nikasema maneno fulani ya kushukuru na kuaga, nikapanda boti. Noti ile ninayo. Nimeiweka karibu na Voltaire. Swali lake sikulijibu, na wala si langu peke yangu kulijibu. Nalipeleka kwa wenye saini zao juu ya karatasi zile.